Ainea wa Lida, na Gharama za Kiharusi

(Matendo ya Mitume 9:32–35)



Habari ya Ainea ni fupi, nayo husomwa upesi, kwa maana mara baada yake yaja habari ya Tabitha wa Yafa aliyefufuliwa, na masikio ya watu hukimbilia huko. Twawaomba mkae kidogo Lida kabla ya kushuka Yafa. Luka, ambaye Mtume Paulo amemwita tabibu (Kol. 4:14), ametuandikia jambo ambalo mwandishi mwingine angaliliacha: ya kuwa mtu huyu alikuwa amepooza, na ya kuwa amelala kitandani miaka minane. Tena Petro alipomtangazia uponyaji wa Yesu Kristo, hakumwambia ainuke tu, bali alimwagiza ajitandikie mwenyewe.

Neno hilo la kujitandikia lina maana kubwa. Ikiwa siku ile Ainea alianza kujitandikia, basi miaka minane yote alikuwapo mtu mwingine aliyemtandikia. Ni nani? Luka hakumtaja. Labda ni mke, labda ni binti, labda ni mama mzee. Mtu huyo alimlisha, alimgeuza, alifua nguo zake, aliamka usiku. Miaka minane ni siku 2,920 na zaidi. Katika siku hizo zote shamba la Ainea lililimwa na nani? Kodi ya Warumi ililipwa na nani? Watoto, kama alikuwa nao, walikula kwa jasho la nani? Maandiko hayakutuambia, wala hayakutuambia kupooza kwake kulitoka wapi, nasi hatutaki kuongeza neno. Lakini majibu ya maswali hayo twayaona kila juma katika nyumba za sharika zetu, kwa maana kupooza kuko kwetu, nako mara nyingi chanzo chake ni kiharusi.

Kiharusi ni ajali ya ubongo. Mshipa upelekao damu kichwani huziba, au hupasuka, na sehemu ya ubongo ikosayo damu hufa. Ndipo mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, uso huenda upande, na ulimi hushindwa na maneno. Chanzo kilicho kikubwa kupita vyote ni shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha, ugonjwa usiouma wala kuonekana mpaka siku ile uiangushapo nyumba. Wataalamu wamehesabu ya kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 12 ulimwenguni walipatwa na kiharusi, na watu wapatao milioni 101 walikuwa wakiishi baada ya kupatwa nacho. Zaidi ya nusu ya wapatwao hawajafika miaka 70. Tuliangalie sana neno hili, kwa sababu wengi wetu husema ya kuwa kiharusi ni ugonjwa wa wazee.

Kwetu Tanzania, tangu Juni 2003 hata Juni 2006, matabibu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Hai ni nchi ya kahawa na migomba, ambayo Misioni ya Leipzig ilianza kazi yake huko Machame mwaka 1893. Ni nchi ya Waluteri wengi. Matabibu wale waliandika wagonjwa 636, yaani 183 wa Hai na 453 wa Dar es Salaam. Walipokwisha kulinganisha hesabu kwa umri wa watu, waliona ya kuwa katika kila watu 100,000, kwa mwaka mmoja, Hai hupatwa watu wapata 109, na Dar es Salaam wapata 316. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam ilikuwa juu hata kuliko ya nchi tajiri. Basi asiwepo mtu wa kusema ya kuwa ni ugonjwa wa Wazungu, au wa matajiri walao nyama kila siku.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza watu wa sehemu hizo hizo kiharusi chatoka wapi. Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi; Hai wengi walitaja mambo ya mwili. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya Hai, lakini tusijisifu. Twajua nyumba za Wakristo ambazo mbuzi wa kwanza aliuzwa kwa ajili ya mganga wa ramli, na siku zilizokuwa na faida kupita zote zikapotea njiani. Maana kwa kiharusi cha mshipa ulioziba iko dawa iyeyushayo damu iliyoganda, nayo yapasa kutolewa katika saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya ndani ya kichwa, ili daktari ajue kama mshipa umeziba au umepasuka. Hospitali zilizo na vyombo hivyo ni chache katika nchi yetu. Hata hivyo, palipo na hospitali ya namna hiyo, anayengoja mpaka asubuhi aone kama mgonjwa ataamka vizuri amekwisha kuilipa gharama kubwa asiyoijua.

Sasa tuseme juu ya gharama zenyewe. Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Sisi twajua sana kuhesabu mabati ya kanisa na mbao za nyumba ya mwalimu. Bali kitanda cha mgonjwa hatukihesabu. Kiharusi kikimpata ndugu, zile gharama za kwanza zaonekana kwa macho: gari la usiku, kitanda cha hospitali, picha ya kichwa, dawa. Kwa hizo watu huchanga, na kwa majuma machache nyumba hujaa wageni, sukari na mchele huletwa, nyimbo huimbwa. Mwezi wa tatu wageni wamepungua. Mwaka wa pili jina la mgonjwa hutajwa katika maombi ya kanisa, labda. Na hapo ndipo gharama za pili zinapozidi za kwanza, maana hizo hazina siku ya mwisho.

Tena gharama hizo za pili hazilingani kwa kila umri. Mtu wa miaka 75 na mtu wa miaka 38 waweza kuwaona hospitali katika chumba kimoja, ugonjwa wao mmoja, dawa zao moja. Lakini hasara ya nyumba zao si moja hata kidogo.

Tumwangalie huyu wa miaka 38. Kama angalifanya kazi hata miaka 65, alikuwa na miaka 27 ya jasho mbele yake. Mkono wa kuume umekufa: hawezi kupogoa kahawa, hawezi kupanda ngazi, hawezi kushika jembe wala patasi. Ana watoto wanne, na mkopo wa chama cha akiba haujakwisha. Twaweza kuwaeleza nyumba kama hiyo hushukaje, kwa kuwa tumeziona zikishuka kwa ngazi zile zile. Kwanza hutoka akiba, kisha ng'ombe. Kisha kahawa huuzwa ingali mtini, kwa nusu ya bei, kwa mtu mwenye fedha asiye na haraka. Kisha shamba hukodishwa, na mwenye shamba huwa kibarua katika shamba la babaye. Mwisho, pasipo mtu kusema neno, mtoto mkubwa huacha shule. Mtu atasema: Karo imeondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne tangu mwaka 2016. Ni kweli, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini shule si karo peke yake. Ni sare, ni daftari, ni chakula. Na kupita hayo yote, ni mikono ya mtoto inayotakiwa nyumbani. Binti wa miaka 15 aliyeacha masomo ili amgeuze baba kitandani, atayakosa mapato ya elimu yake miaka arobaini. Basi kiharusi cha mtu wa miaka 38 chalipwa na wajukuu ambao hawajazaliwa.

Lakini vijana wana jambo moja la kutia moyo. Mwili wao mara nyingi hurudi kupata nguvu kuliko mwili wa mzee, na kila hatua wairudishayo itawafaa miaka mingi. Mtu mmoja akifundishwa tena kushika kikombe, kufunga kifungo, kutembea kwa fimbo mpaka kwa jirani, mkewe amerudishiwa saa kadha wa kadha za kila siku. Kwa hiyo mazoezi ya viungo si anasa. Watu wengi huacha mazoezi mara watokapo hospitali, kwa sababu nauli ya kurudi kila juma ni kubwa, nao hufikiri dawa ndiyo iponyayo na mazoezi ni ya kuchangamsha tu. Usharika ukilipa nauli hiyo miezi sita, huenda utakuwa umeokoa shamba zima. Hivi ndivyo tuonavyo sisi, na mwenye shauri lililo bora na alilete.

Hata watoto hupatwa. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea katika nchi yetu, aweza kupatwa na kiharusi kabla hajajua kusoma, na gharama yake ni ya maisha yote. Iko dawa ya kunywa kila siku ipunguzayo hatari hiyo. Wazazi wa watoto kama hao wamwulize daktari.

Kuna mmoja ambaye hesabu za watu humsahau kabisa, naye ni mama wa miaka 45 au 50. Akipatwa, watu husema: Heri si baba, maana mama hakuwa na mshahara. Ndugu zangu, neno hili ni la uongo. Aliyekuwa akichota maji, akikata majani ya ng'ombe, akipeleka ndizi sokoni, akipika, akimwogesha bibi mzee, akimwangalia mjukuu ili mama yake aende kazini, siku aangukapo kazi zote hizo zatafuta mtu wa kuzifanya, na wa kulipwa, au zaachwa zisifanyike. Hakuwa na mshahara kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlipa. Tena twasema kwa huzuni ya kuwa mume akipatwa, mke hukaa naye. Mke akipatwa, wako waume wanaokwenda kutafuta mwingine. Wazee wa kanisa wanazijua nyumba hizo, nao yawapasa kwenda huko wawili wawili, wasingoje mambo yaharibike.

Basi tumrudie mzee wa miaka 75. Yeye hakupoteza mshahara wa miaka mingi. Labda alikuwa amekwisha kuacha kazi. Kwa hesabu ya fedha peke yake, mtu wa dunia atasema gharama yake ni ndogo. Lakini tazameni ni nani amkaliaye. Tukisema mgonjwa mmoja ahitaji saa nne tu za mkono wa mtu kila siku, kwa kulishwa, kusafishwa, kugeuzwa asipate vidonda vya kulala, na kuinuliwa asipaliwe na chakula, basi kwa mwaka ni saa 1,460. Kwa miaka minane, ile ya Ainea, ni saa 11,680. Ukizigawanya kwa kazi ya saa nane kila siku, zapata siku 1,460, yaani miaka minne kamili ya kazi bila Jumapili hata moja. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa na yule asiyetajwa jina lake huko Lida. Na kwetu huyo huwa binti wa miaka 40, aliyeacha duka lake mjini akarudi nyumbani. Au mke wa miaka 70 ambaye mgongo wake mwenyewe umekwisha. Kwa hiyo mzee apatwapo, hasara si ndogo. Imehamia tu katika umri wa mtu mwingine, na pale haionekani.

Wengine watauliza: Ikiwa sanduku la usharika lina fedha kidogo, je, tumsaidie kijana tumwache mzee? Hasha. Yule mtu wa Bethzatha alikuwa amelala miaka thelathini na minane (Yohana 5:5), naye Bwana hakumwuliza umri wake, wala miaka ya kazi iliyombakia. Msaada ndio unaotofautiana. Nyumba ya kijana yahitaji mtoto abaki shuleni na shamba lisiuzwe. Nyumba ya mzee yahitaji zaidi mtu wa kumpokea yule amtandikiaye, angalau siku moja katika juma, ili naye alale. Msaada huo wa pili haudai fedha nyingi. Wadai mikono, nayo mikono tunayo.

Sisi Waluteri tumejifunza Katekisimo Ndogo tangu utotoni. Walimu, mnapowafundisha watoto maana ya mkate wa kila siku, mnawahesabia mambo mengi ambayo Luther aliyaweka pamoja katika neno hilo moja: si chakula peke yake, bali nguo, nyumba, shamba, fedha, mwenzi wa ndoa, watoto, afya, hata majirani wema. Watoto huona ni orodha ndefu ya kukariri. Lakini ingieni katika nyumba ya mtu aliyepatwa na kiharusi, mtaona jinsi orodha ile ilivyofungwa kwa kamba moja. Afya ikitoka, fedha zafuata, kisha shamba, kisha amani ya mume na mke. Na mwisho wake wamebaki majirani. Kwa hiyo nyumba ile ikiomba ombi la nne, majirani wake ni sehemu ya jibu. Vivyo hivyo amri ya tano: kwa maelezo ya Katekisimo, haimtoshi mtu kutokumdhuru jirani, apaswa pia kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mazishi, ijapokuwa wako watakaochukizwa. Mgonjwa alale miaka sita juu ya godoro lililobonyea, pasiwe na mtu wa kununua jingine. Afe, na kwa siku tatu hukusanywa fedha za maturubai, za mabasi, za ng'ombe wa kuchinjwa, na sanduku lenye vishikio vya kung'aa. Hatukatazi heshima ya maziko. Lakini Dorkasi yule wa Yafa alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizozishona akali hai.

Na juu ya mashamba: twawasihi jamaa wasiuze kihamba katika mwezi wa kwanza. Siku zile akili imefadhaika, na kila asemaye neno aonekana kuwa na hekima. Mwulizeni daktari waziwazi: fedha hizi zitanunua nini, na nini hakiwezi kununuliwa kwa fedha yoyote? Daktari mwema hatachukizwa na swali hilo. Mwenye kazi ya mshahara na aulize pia habari ya mfuko wake wa jamii, maana uko msaada kwa mtu aliyepoteza uwezo wa kazi, na wengine huukosa kwa kutoulizia tu. Wakulima wetu wengi hawamo katika mifuko hiyo, ndiyo sababu usharika hauwezi kunyamaza.

Mitume walipoona ya kuwa wajane wengine wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuhubiri juu ya upendo tu, bali waliweka watu saba kwa kazi hiyo (Matendo 6). Sharika zetu na zifanye vivyo. Wawekwe watu wawili au watatu wenye daftari, waandike jina la mgonjwa, umri wake, siku aliyopatwa, watoto walioko shuleni, na jina la yule amkaliaye. Waende mwezi wa tatu, na mwezi wa sita, na mwaka utimiapo, na kila mwaka, hata kama mgonjwa hana habari mpya. Na hao hao wamwombe muuguzi aliye Mkristo mwenzetu aje na kipimo cha presha Jumapili moja katika kila miezi mitatu, apime watu baada ya ibada, wanaume pia, ambao hupenda kukimbia. Katika wilaya ile ya Hai wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu saba katika kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakuijua. Aliyepewa vidonge avimeze kila siku, wala asiviache kwa kuwa ajiona mzima. Kuna waliokufa kwa sababu walijiona wazima.

Sisi wachungaji nasi, twendapo nyumbani kumpa mgonjwa Chakula cha Bwana, tumwulize yule aliyesimama mlangoni na kitambaa mkononi, yeye ameshiriki lini mara ya mwisho. Wengi wao hawajaingia kanisani miezi mingi, kwa kuwa hawana wa kumwachia mgonjwa. Basi apewe naye papo hapo; na Jumapili ijayo mzee mmoja wa kanisa akae na mgonjwa, ili yeye aende ibadani, na akitoka ibadani apite sokoni taratibu, bila kuharakisha.